Mweka hazina anatembea na funguo zote tatu, halafu anauliza "mnanidai mimi au mnalidai sanduku?"

Kiroboto Mkali
Wakuu, salamu baadaye, nimevurugwa.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuvunja kikoba, kila mtu achukue chake alichoweka. Yule mama mnamjua, kila mtaa una wake, wa kufungua kikao kwa sala ndefu kuliko mfungo. Kaweka sanduku mezani. Kufuli tatu. Kila kufuli inatakiwa iwe na mshika funguo wake, watu watatu wasio viongozi, wanaokaa nyumba tofauti. Yeye kazamisha mkono kwenye kipochi, katoa funguo zote kwenye kamba moja, ka, ka, ka, sanduku wazi. Ndani kuna vitabu vya wanachama, pedi ya muhuri na vinoti ambavyo hata panya angeviruka. Kuulizwa, anajibu huku ANATAFUNA BIGIJII: "Mnanidai mimi au mnalidai sanduku?"

Hisa moja 5,000, mwisho hisa tano kwa kikao. Watu wamejinyima mpaka chumvi. Eti tunalidai SANDUKU!

Mkaa Benchi
Nimekaa paleee. Funguo zilihamia kwenye kipochi lini, na nyie mlikuwa wapi? Mshika funguo akisafiri, anamkabidhi mwanachama mwingine mbele ya kikao, siyo "mwachie mama tu". Mmepigwa kihalali kabisa.

Binti Daftari
Kufuli ni geresha tu, wizi uko kwenye mihuri: muhuri mmoja kitabuni ni hisa moja. Chukulia ndani kuna milioni 4.2 na hisa ni 600. Kila hisa inatoka na 7,000. Mwenye vitabu anajigongea mihuri 100 hewa, hisa zinakuwa 700, kila moja inashuka mpaka 6,000. Anaondoka na laki sita bila kununua chochote, na nyie mnapiga vigelegele kwamba 5,000 imezaa buku.

Hisa zinunuliwe mmoja mmoja, kwa sauti, muhuri ugongwe watu wakiona, na nafasi isiyonunuliwa ipigwe mstari palepale. Kabla ya kufunga sanduku salio linatajwa, wote wanalishika kichwani. Kikao kijacho linahesabiwa kabla hata senti mpya haijaingia.

Kiroboto Mkali
Salio tulikuwa tunalikariri kama shairi! Kuhesabu ndiyo hakuna, sala inakula muda wote. Ila hamjanielewa. BIGIJII. Alipuliza mpaka puto!

Wakili wa Kijiwe
Kikundi kimesajiliwa? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewaweka daraja la nne, la vikundi vya kijamii, mnajisajili halmashauri. Bila katiba wala usajili, kituoni mtafika na hadithi ya puto.

Shangazi wa Pwani
Bora nyie mna sanduku la kulitazama. Hii mikopo ya mtandaoni je? Mtu anairuhusu programu isome majina yote ya simu, akichelewa siku moja mpaka muuza mkaa anatumiwa ujumbe kwamba jirani yake ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zisizo na leseni, watu hata hawakusoma orodha.

Mkaa Benchi
Shangazi, wanaojua kudai ni kamati za harusi. Kila asubuhi jina la mtu liko kwenye grupu: ahadi 100,000, amelipa 0. Na baba mkwe humohumo anasoma.

Binti Daftari
Ndio nyie mnaolipia kadi ya single mkaja wanne. Chakula kinalipiwa kwa kichwa. Kadi 200 zikileta watu 230, mpishi anaanza kukata nyama meza za nyuma.

Mkaa Benchi
Mtoto wa miaka mitatu naye ni kichwa?

Shangazi wa Pwani
Akishika sahani ni kichwa, mwanangu.

Kiroboto Mkali
Jamani, uzi wangu…

Mkaa Benchi
Subiri kidogo mkuu. Hivi zile kreti za soda zinazobaki ukumbini, huwa anaondoka nazo nani?