Tupeane uzoefu: wanaosaka alama za wapima ardhi safarini

Wakuu, najua tupo. Wenzetu wakifika kileleni wanapiga picha ya mandhari, sisi tunainama kutafuta kisahani cha shaba kilichopachikwa kwenye mwamba. Kila alama ya upimaji ni mahali ambapo mtu alisimika chombo chake, akapima pembe au mwinuko, na ramani ikajengwa juu ya kazi hiyo. Naanza mimi.

Nilikuwa Marekani, nina maelezo ya kituo, yaani mahali palipowekwa alama ya upimaji, yaliyoandikwa na wapimaji wa zamani: njia panda, ukingo wa shamba, mti mkubwa. Mti haukuwepo tena. Kilichonisaidia ni kwamba kituo kikuu cha kule, chenye pembetatu katikati, huwekewa visahani vya rejea jirani vyenye mshale unaokielekea. Nikapata mshale kwanza, nikaufuata taratibu nikipapasa chini ya majani, mpaka vidole vikagusa chuma baridi. Pembeni pameandikwa onyo la faini ya dola 250 kwa atakayevuruga alama hiyo. Nilikaa pale muda mrefu, furaha tupu.

Mpanda Vilima: Mimi ni wa nguzo za Uingereza, zile ambazo wapimaji walisimika vyombo vyao juu yake. Ile ya kijiji cha Cold Ashby ndiyo ya kwanza kutumika, Aprili 1936, katika upimaji mpya wa nchi nzima uliokamilika 1962. Usiishie kupiga picha ya nguzo kwa mbali. Panda uangalie juu: kuna bamba la shaba lenye mifereji mitatu, ndimo miguu ya chombo ilimokaa. Ubavuni kuna kibao chenye namba, hicho ndicho kitambulisho chake. Pia chunguza kuta za makanisa ya zamani, utaona mstari mlalo na mshale chini yake, hiyo ni alama ya mwinuko.

Binti Ramani: Kuhusu picha, msipige jua la utosini, maandishi yanapotea kabisa. Asubuhi au jioni mwanga unapita ubavuni na kila herufi inajitokeza. Pakiwa na kivuli, mulika tochi kutoka upande. Mimi hupiga mbili: ya karibu inayosomeka, na ya mbali inayoonyesha mazingira, ili mwingine aweze kuifikia.

Mgeni Hapa: Samahani wakuu, inaruhusiwa kusafisha?

Binti Ramani: Ondoa majani na udongo kwa mkono au brashi laini, basi. Usikwangue, usipake chaki wala rangi, na usiing'oe hata ikilegea. Ikiwa shambani kwa mtu, omba ruhusa kwanza.

Mzee wa Dira: Anayeweza kufika Hammerfest, Norwei, asikose nguzo ya mwisho wa kaskazini ya Tao la Struve. Ni mnyororo wa pembetatu za upimaji, uliopewa jina la mwanasayansi Struve aliyeuongoza, ulioteremka hadi karibu na Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 2,800, ukapimwa kati ya 1816 na 1855 ili kujua umbo na ukubwa wa dunia. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia 2005, vituo 34 katika nchi 10. Vingine ni shimo tu lililotobolewa mwambani, au msalaba wa chuma. Hivyo vidogo ndivyo ninavyovipenda zaidi, maana bila kujua unachokitafuta utavipita.

Mpanda Vilima: Mzee, tuwekee hizo picha za mashimo tafadhali.