Rangi za maji zinaota "maua", za mafuta hazikauki: msaada kwa picha za ziwa na michikichi

Kibirizi_Brashi

Wakuu, habari za kazi. Nachora mandhari ya huku Kigoma: ziwa, milima ya Kongo ng'ambo, michikichi, mitumbwi ya dagaa. Najaribu rangi za maji na za mafuta kwa mandhari zilezile nione ipi inabeba nini. Nimekwama.

Za maji: karatasi ni gramu 160, nimeibana kwenye ubao kwa selotepu kwenye kona. Nikipaka anga inafanya mawimbi kama bati. Nikirudi kuongeza buluu linatokea doa lenye kingo zilizochanikachanika, kama koliflawa.

Za mafuta: rangi ni za tyubu, za kisanii kabisa. Kitambaa ni marekani kwenye fremu ya mbao, nikakitanguliza na rangi nyeupe ya mafuta ya duka la vifaa vya ujenzi. Mafuta ya kitani sikuyapata, nikatia ya kula kidogo ili rangi iteleze. Leo siku ya 24, ukigusa inanata, na pale kwenye maji nilipopaka nene pamekunjamana kama ngozi ya maziwa.

Halafu kuna picha ya rangi za maji ya sentimita 20 kwa 30 iliyotoka vizuri. Naweza kupaka za mafuta juu yake?

FundiFremu_Mwanga

Mkuu, nianze na mafuta, maana hapo ndipo hasara ilipo.

Jina linatuponza. Dukani "rangi ya mafuta" ni ile ya kung'aa ya mageti, na "rangi ya maji" ni ya ukutani. Ile ya mageti ikikauka inakuwa telezi kama sahani, rangi ya tyubu inakosa pa kung'ang'ania. Hata ingekauka, siku moja ungeibandua kwa ukucha.

Sasa kwa nini inanata. Rangi ya maji inakauka kwa maji kuondoka. Ya mafuta sivyo: mafuta ya kitani yanavuta oksijeni ya hewani na kujifunga yenyewe kwa yenyewe mpaka yanakuwa utando mgumu. Si kila mafuta yana tabia hiyo. Kipimo chake ni namba ya ayodini: kitani ni kama 170 hadi 200, alizeti kama 120 hadi 140, mawese kama 50 tu. Mawese yakimwagika mezani leo, ukija miezi mitatu baadaye bado ni mafuta. Na mafuta mengi ya kula ya dukani ni mawese yaliyosafishwa, usidanganyike na weupe wake. Alizeti yapo njia panda, yanashika nusu halafu yanabaki yananasa vumbi. Karanga nayo haifai.

Kwa hiyo usingoje, haitakauka. Kwangua kwa kisu cha paleti, futa kwa tapentaini, kitambaa hicho kitoe kwenye fremu. Ile mikunjo ni kosa la pili: ukipaka nene yenye mafuta mengi, juu panakamata oksijeni kwanza, panatanuka na kujikunja huku chini bado pabichi. Ingetokea hata kwa kitani.

Anza upya. Marekani ioshe kwa maji ya moto na sabuni, wanga wa kiwandani utoke na isinyae yote kabla haijapigwa. Unapoivuta, pini ya kwanza katikati ya kila upande, kisha unaelekea kona kwa zamu, upande huu halafu unaoukabili. Ukianzia kona utapata mikunjo ya mshazari ambayo haitoki tena. Ukingo wa ndani wa fremu upigwe randa uinamie ndani, la sivyo mstari wa ubao utajichora kwenye anga lako. Mninga haupindi ovyo ila ni mzito na bei yake unaijua.

Juu ya kitambaa paka gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 kwa maji sehemu 2, mara mbili, ikauke kila mara. Usiiruke hiyo. Mafuta ya kitani yakigusa nyuzi za pamba yanazila polepole, zinageuka kahawia na kukatika. Kisha jeso ya akriliki (mpako mweupe wa kutanguliza) mipako mitatu, kila mmoja ukikatiza mwelekeo wa uliopita, msasa namba 220 katikati. Kama hela ya kanvasi inabana, chukua hadibodi ya milimita 3, sentimita 30 kwa 40, upake jeso mbele na nyuma. Ukipaka mbele tu inapinda kama kigae.

Kupunguza rangi ni tapentaini, si tina ya magari, hiyo inayeyusha hata mpako wa chini na inaumiza kichwa. Mafuta ya taa pia acha, yanaacha utando.

Mpako wa kwanza rangi na tapentaini bila mafuta, wa pili rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, wa mwisho ndiyo unaruhusiwa kuongezewa kitani, tone moja mawili. Ukipindua utaratibu, wa juu unawahi kukauka, wa chini unaendelea kusogea, picha inapasuka. Na rangi zenyewe hazilingani: umba, ile kahawia ya udongo, ina manganizi, inakauka siku moja au mbili, wakati nyeupe ya titani na nyeusi ya mifupa zinaweza kupita wiki. Ndiyo maana michoro ya mwanzo hufanywa kwa umba.

Matambara yenye kitani usiyafinyange na kuyatupa kapuni. Yanapovuta oksijeni yanapata joto, yakirundikana yanawaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yatie kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Hayo mawese usiyachukie lakini. Yanaosha brashi vizuri sana: futa rangi, chovya, kamua, rudia, kisha sabuni ya mche mpaka povu liwe jeupe. Hakikisha tu yametoka yote.

Unyanyembe_Maji

Niko Tabora, rangi za maji ndiyo kazi yangu, nachukua huo upande.

Gramu 160 ni karatasi ya penseli. Nyuzi zikinywa maji zinatanuka, na kwa kuwa umebana kona tu, katikati hapana pa kwenda ila juu. Tafuta gramu 300, ya pamba ukiweza. Ukibaki na nyepesi, ivute: loweka dakika 5 mpaka 10, iinue maji yachuruzike, ilaze kwenye plaiwudi ya milimita 12, bana kingo zote nne kwa utepe wa karatasi ule wa gundi ya kulowanisha. Selotepu haishiki karatasi mbichi. Ikae bapa usiku kucha. Ukiisimamisha, maji yanateremka na chini panachelewa, karatasi inachanika. Mchoro ukiisha na kukauka ndipo unaikata itoke.

Hilo "ua" linatokana na brashi yako kuwa na maji mengi kuliko karatasi. Maji yanakimbilia palipokauka zaidi yakisukuma chembe za rangi mbele yake, yanapoishia yanaziacha kwenye ukingo. Inamisha ubao utazame mwanga. Ikiwa inang'aa kama kioo, ongeza rangi upendavyo. Ikiwa mng'ao umefifia, kaa mbali, hapo ndipo maua yote huzaliwa. Ikiwa imekauka kabisa na haina ubaridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono, unaweza kupaka tena juu. Ukilazimika kuongeza kwenye unyevu, rangi iwe nzito na brashi ikamuliwe kwenye tambara kwanza.

Msimu nao una neno. Masika anga linabaki bichi muda mrefu na watu wanakosa subira, wanachokoachokoa. Kiangazi ni kinyume, nusu ya anga imekauka kabla hujafika upeo wa macho, unapata mistari migumu. Dawa ya kiangazi ni kulowesha karatasi pande zote mbili na kuilaza juu ya kioo au plastiki nzito. Maji ya chini yanailisha. Au glisirini ya duka la dawa, matone 3 au 4 kwenye maji mililita 200. Ukizidisha itanata.

Karatasi zako ziweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Zikiingiwa na ukungu wa masika, gundi iliyomo ndani inaliwa, halafu siku ya kupaka utaona madoa yanayonyonya kama karatasi ya kukaushia wino. Huyaoni mpaka umeshapaka.

Kibirizi_Brashi

Shukrani sana. Glisirini nimeielewa. Na asali je? Nimesikia inawekwa kwenye rangi za maji.

Unyanyembe_Maji

Inawekwa, kweli, ila ndani ya rangi yenyewe wakati wa kuisaga pamoja na gundi ya miti ya jamii ya mgunga. Inavuta unyevu wa hewa, ndiyo maana vidonge vya rangi ya namna hiyo vinalainika haraka ukivigusa kwa brashi. Kwenye maji ya kuchovya siishauri. Kwetu asali haipungui, lakini sisimizi nao hawapungui, na karatasi yenye asali nyingi masika inalia maji.

Dada_wa_Ujiji

Wenzangu mmemaliza ufundi, nami niseme rangi, maana hata karatasi nzuri haiwezi kuokoa kijani cha tyubu. Kijani kile cha ftalo kikipakwa peke yake kwenye mchikichi unapata mti wa plastiki. Changanya ultramarini (buluu) na njano ya limau, kisha ncha ya siena iliyochomwa (kahawia nyekundu) ili kuua ukali. Makuti ya chini yaliyozeeka yanataka okra (njano ya udongo) zaidi. Upande unaopigwa na jua usiutie nyeupe, uongezee njano. Nyeupe inaufanya uonekane na vumbi la chokaa.

Milima ya Kongo ni ultramarini na siena hiyohiyo, buluu ikizidi. Kwa rangi za maji ipake anga likiwa limeanza kufifia mng'ao, kwa brashi iliyokamuliwa, ukingo wa juu uwe laini kidogo na wa chini mkavu pale inapokutana na maji. Wakati wa moto wa nyika, kiangazi, upeo unakuwa na rangi ya chai ya maziwa: tia okra kidogo sana. Kwa rangi za mafuta tengeneza rundo moja la mlima wa mbele, na kila safu ya nyuma ongeza rangi ya anga, si nyeupe tupu.

Sisi tuko pwani ya mashariki ya ziwa. Asubuhi jua liko mgongoni, ng'ambo kunamulikwa, unaona mikunjo ya milima. Jioni linazama Kongo na michikichi yote inakuwa kivuli kitupu. Amua saa moja uibakie, picha nyingi naona anga ni la jioni na mashina ya asubuhi.

Kwenye maji kumbuka jambo moja: kitu cheusi kivuli chake majini ni cheupe kuliko chenyewe, na kitu cheupe kivuli chake ni cheusi kidogo. Mtumbwi mweusi na kivuli cheusi vilevile utaonekana unaelea hewani. Vimetameta vya jua kwa rangi za maji ni karatasi uliyoiacha: laza brashi kavukavu ubavu, uipitishe upesi juu ya karatasi yenye chembe. Au sugua mshumaa mweupe kabla, ila nta haitoki, ukikosea pa kuweka ndiyo basi. Kwa mafuta ni kinyume chake, vinawekwa mwisho, vinene, na havisuguliwi.

Miombo ya huko bara usiikose Septemba na Oktoba, majani machanga yanatoka mekundu ya shaba kabla ya mvua. Hapo okra, siena na nyekundu hafifu, kijani kikae nje.

Kuhusu kupaka mafuta juu ya ile picha yako: hapana. Karatasi tupu itaoza na kuwa kahawia. Ukiipaka jeso umeifuta, na brashi yenye maji itainua rangi. Kuna shelaki ya maseremala, hiyo ni ya spiriti, haiivurugi, lakini inatia unjano na inapasukapasuka. Mimi nasema ibaki ilivyo uihamishe. Piga miraba ya sentimita 5 kwenye karatasi angavu juu yake, na ya sentimita 15 kwenye kanvasi ya 60 kwa 90. Miraba 4 kwa 6 pande zote mbili, unanakili mmoja baada ya mwingine.

FundiFremu nakuunga mkono yote isipokuwa moja: kwa mazoezi tu, rangi ya ukutani ya akriliki isiyong'aa juu ya hadibodi iliyopakwa gundi inatosha. Si ya kuuza.

FundiFremu_Mwanga

Sawa dada, ya mazoezi. Ila zile za bei ya chini ukipitisha kiganja kinatoka cheupe. Hizo hata kwa mazoezi zinanyonya mafuta yote na rangi inabaki kama vumbi.

Kibirizi_Brashi

Nimewaelewa. La mwisho: kuna mtu Dar anataka ya mafuta ikikamilika. Inaweza kusafiri lini kwa treni?

FundiFremu_Mwanga

Ikikauka kwa kugusa, wiki tatu au nne kwa mpako wa kawaida, na uikaushe chumba chenye mwanga na hewa. Ukiifungia gizani kitani kinageuka njano. Vanishi usiguse kabla ya miezi 6. Usifunge na gazeti, wino unahamia kwenye rangi. Weka vipande vya kizibo kwenye kona nne, funika kwa hadibodi isiyogusa uso, kamba juu. Ukilazimika kuikunja, rangi iwe upande wa nje, kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 15 au zaidi. Watu wanaikunja kwa ndani wakidhani wanailinda, inafika imejaa nyufa za mkunjo.