Kutoka Norfolk kwenda kusini: Dismal Swamp au Virginia Cut?

Msafiri_Pwani: Wakuu, habari zenu. Oktoba mimi na mke wangu tunashuka kutoka Norfolk, Virginia, hadi North Carolina kwa Intracoastal Waterway, njia ya maji ya ndani inayofuata pwani. Chombo chetu ni boti ya tanga ya futi 34, sehemu yake ya chini ya maji ni futi 4 na nusu, mlingoti futi 48. Ukishaiacha Norfolk njia inagawanyika: huku Mfereji wa Dismal Swamp, unaopita ndani ya kinamasi, huku mfereji wa Albemarle na Chesapeake ambao mabaharia wanauita Virginia Cut. Zote zinatokea Albemarle Sound, ghuba pana ya North Carolina. Haraka hatuna, ila kukwama hatutaki. Ninyi mngepita wapi?

Usukani_Mgumu: Virginia Cut, mkuu. Mfereji umechimbwa kwa kina cha futi 12, wakati Dismal unahesabu futi 6 tu. Lango la maji, yaani chumba cha kupandisha au kushusha boti, ni moja, la Great Bridge, na maji hapo yanapanda au kushuka futi 2 au 3 basi. Kazi iko kwenye madaraja ya kufunguka, maana mengine yanafuata ratiba. Ukilikosa daraja kwa dakika tano, utazunguka palepale na upepo unakusukuma kwenye boti za wenzako. Muite mlinzi wa daraja kwenye redio, chaneli 13, umwambie unafika saa ngapi. Jioni mnafunga kamba Coinjock, maili ya 50 kutoka Norfolk, mnajaza mafuta na maji.

Binti_Nanga: Kaka, hizo futi 12 ni za mkondo uliochimbwa. Ukiingia Currituck Sound, ghuba iliyo kwenye njia hiyo ya Virginia Cut, toka kidogo tu nje ya alama uone. Kule kina kinaamuliwa na upepo, mwezi hauna kauli. Kaskazi ikivuma kwa nguvu siku mbili mfululizo, maji ya upande wa juu yanasukumwa kusini na kina kinapungua.

Mimi nasema Dismal, na sababu yangu kubwa si kina. Mfereji ule ulianza kuchimbwa 1793 ukafunguliwa 1805, na waliouchimba ni Waafrika watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wamesimama kwenye tope na maji. Ndani ya kinamasi kilekile, watu waliotoroka utumwa waliishi vizazi kwa vizazi kwenye visiwa vya ardhi kavu, mahali ambapo wawindaji wao waliogopa kuingia. Unapita katikati ya miti, maji yana rangi ya kahawia iliyoiva kwa sababu ya magome na majani, na unajua ni mikono ya nani iliyokupa njia. Kwangu hilo linatosha kupunguza mwendo.

Fundi_Rafadha: Historia naiheshimu dada, lakini injini nayo ina haki yake. Kwenye Dismal kuna magugu madogo ya kijani yanayotanda juu ya maji. Yakiingia kwenye kichujio cha maji ya kupoza injini, joto linapanda. Kuna na magogo yaliyozama. Kaeni katikati ya mfereji, ila mmoja wenu aangalie juu pia, matawi yanagusa mlingoti.

Jambo la pili: malango ya Dismal yanategemea maji ya Ziwa Drummond, lililo ndani ya kinamasi. Ukame ukizidi, mfereji unaweza kufungwa. Hata mvua nyingi ni tatizo, baada ya kimbunga Matthew cha 2016 ulifungwa muda mrefu. Someni matangazo ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, wanaosimamia mfereji, kabla ya kukata kona.

Msafiri_Pwani: Asanteni sana. Dada, upande wa Dismal mtu analala wapi?

Binti_Nanga: Lango la Deep Creek linawapandisha futi 8 hivi, na la South Mills linawashusha. Yanafunguliwa mara chache kwa siku, kwa hiyo msipange kupita yote mawili jioni. Kabla ya South Mills kuna kituo cha wageni cha North Carolina, kinapokea magari ya barabara ya US 17 na boti za mfereji pia. Gati ni fupi, zikijaa boti mnafungana ubavu kwa ubavu, kwa hiyo andaeni maboya ya pembeni pande zote mbili. Kesho yake mnateremka Mto Pasquotank hadi Elizabeth City. Hapo subirini upepo utulie. Albemarle Sound ni pana na haina kina, mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima.

Usukani_Mgumu: Hapo kwenye Albemarle nakubaliana naye kabisa, njia yoyote mtakayotoka.

Msafiri_Pwani: Basi tunaenda Dismal, tangazo la kufungwa lisipotoka. Likitoka, tutamfuata Usukani hadi Coinjock.

Fundi_Rafadha: Sawa. Beba kichujio cha akiba, na ukisafishe kile kilichopo mkifika South Mills, hata kama kipimo cha joto hakijapanda.