Naenda Cadwell Park kwa mara ya kwanza na pikipiki yangu, nijiandaeje?

Mwana_wa_Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Niko Uingereza, kusini mwa London, nina Yamaha R6 ya mwaka 2008. Nimeshakimbiza kwenye uwanja wa mbio mara mbili, zote Brands Hatch, ule mzunguko mfupi wa kama kilomita 1.9. Mara zote mbili nilikuwa na rafiki mwenye uzoefu, namfuata nyuma tu. Yeye ameshahama, na mimi nimelipia siku nzima ya mazoezi Cadwell Park, uwanja wa mbio ulioko Lincolnshire, mwezi ujao. Naenda peke yangu.

Nimeangalia video za watu waliofunga kamera kwenye pikipiki, usiku baada ya usiku. Kila nikizima simu nagundua bado sijui kona ipi inafuata ipi. Uwanja una kilomita 3.5, ni mwembamba, una vilima na miti, halafu kuna pale panapoitwa Mountain ambapo pikipiki zinaruka juu. Brands Hatch ukisimama sehemu nzuri unauona karibu uwanja wote. Huku sioni kitu.

Naomba mnisaidie: mtu anajifunzaje uwanja asioujua kwa siku moja? Pikipiki niiandae vipi? Upepo wa tairi niweke kiasi gani? Na je, naweza kuiendesha mpaka kule, nikimbize, kisha nirudi nayo nyumbani? Nina mke na mtoto wa miezi minane, sitaki kwenda kubahatisha.

Mzee_wa_Spana

Kijana, umeuliza vizuri. Nianze na breki, kwa sababu barabarani hujawahi kuzitumia kama utakavyozitumia kule.

Mafuta ya breki yamebadilishwa lini? Kama hukumbuki, basi yamepitwa na wakati. DOT 4 mpya, yaani aina ya mafuta ya breki inayotumika sana, haichemki chini ya nyuzi 230, lakini mafuta hayo hunyonya unyevu hata pikipiki ikiwa imelala stoo, na yakishanyonya, kiwango kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea. Unavuta lever ya breki, inakuja hadi kwenye mshikio, na pikipiki haisimami. Badilisha yote, toa upepo kwenye mfumo, kisha funga lever kwa mpira usiku kucha na asubuhi uone kama bado ni ngumu.

Pedi ziwe nene. Mnyororo usiukaze mno. Shokapu ya nyuma ikibonyea mnyororo hujikaza zaidi, kwa hiyo pima mtu akiwa amekaa juu. Shika tairi la mbele ukiwa umeliinua, lisukume na kulivuta, usikie kama beringi za usukani zina mchezo. Pitia kila nati kwa spana, hasa za kaliper (kile kinachobana pedi kwenye diski), ekseli na bolti ya kumwagia oili. Oili ikimwagika uwanjani inaanguka chini ya tairi lako na la mwenzako anayekufuata.

Vioo vitoe au vifunike kwa tepu. Taa nazo zizibe kwa tepu, zikivunjika vioo visitawanyike.

NjeriWaLami

Mzee amemaliza mambo ya spana. Mimi niongee juu ya siku yenyewe, kwa sababu nilipoanza hakuna mtu aliniambia na nilipoteza asubuhi yote nikikimbia huku na kule.

Ukiona ratiba imeandikwa usajili ni 7:30, hiyo ni saa moja na nusu asubuhi. Kutoka London ni kama kilomita 240, na kipande cha mwisho kuelekea Louth, mji ulio karibu na uwanja, ni barabara ndogo za mashambani zenye matrekta. Usitoke nyumbani usiku wa manane ufike ukiwa hujalala. Lala karibu na kule, hata kwa hema. Petroli jaza Louth, na ubebe galoni pembeni, maana R6 ikikimbizwa inakunywa sana.

Beba leseni yako yenyewe, si picha kwenye simu. Suti ya ngozi iwe ya kipande kimoja, au vipande viwili vinavyofungwa kwa zipu kuzunguka kiuno chote. Kinga ya mgongo, buti zinazopita kifundo cha mguu, glovu zinazofunika mkono mzima. Kofia ikiwa imewahi kuanguka, usiende nayo, hata kama nje haina alama.

Halafu kuna kipimo cha kelele. Pikipiki inasimama, unapandisha resi, mtu anaweka kifaa nusu mita kutoka kwenye ekzosi. Kikomo kilichozoeleka ni desibeli 105, lakini soma masharti ya siku yako, kwa sababu ziko siku za kimya zaidi. Kama ekzosi yako si ile iliyotoka nayo kiwandani, rudisha kile kizibo chake cha ndani. Niliwahi kuona mtu amesafiri saa tano, akarudishwa kabla hajaingia hata mzunguko mmoja. Alilia, na nilimwelewa kabisa.

Mtagawanywa makundi matatu. Kila kundi linaingia dakika ishirini, kisha linapumzika dakika arobaini. Baki kundi la wanaoanza, kaka. Brands Hatch mara mbili haikupi haki ya kundi la kati Cadwell.

Mtanga_Lincoln

Nimeusubiri uzi huu! Naishi Lincoln mwaka wa tisa sasa, na Cadwell ndio uwanja wangu wa nyumbani. Kaka Mwana wa Mikindani, ni uwanja mzuri kuliko vyote nilivyopanda nchi hii. Watu walianza kushindana pale mwaka 1934, kwenye njia za shamba la mtu, na mpaka leo unaifuata ardhi jinsi ilivyojilaza. Ndiyo maana video hazikusaidii. Kamera hailioneshi bonde wala kilima, kila kitu kinaonekana tambarare.

Nikutembeze. Ukitoka mstari wa kuanzia unakutana na Coppice, kona ya kushoto ya kasi inayopanda. Inafuata Charlies, kulia mara mbili. Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu. Ya kwanza inapanda, ya pili imejificha nyuma ya mgongo wa kilima, na mtu kwa hofu anaikata mapema. Akifika juu anakuta barabara bado inapinda, naye ameshaelekea majanini. Subiri. Kaa nje mpaka uone inapoishia, ndipo uiingie. Ukitoka vizuri pale unapewa Park Straight yote, iliyonyooka na ndefu kuliko zote.

Mwisho wake ni Park, kona ya kulia ambapo utafunga breki kwa nguvu kuliko kwingine kote. Kisha Chris Curve, kulia tena, ndefu, haina haraka. Shika resi moja na uvumilie. Halafu Gooseneck: kulia, kisha ghafla kushoto huku ardhi inaporomoka chini yako.

Sasa nisikilize kwa makini hapa. Hesabu kona. Tangu Coppice mpaka nusu ya pili ya Gooseneck, umelaza pikipiki upande wa kulia peke yake. Ubavu wa kushoto wa tairi haujagusa lami muda wote huo, nao unapigwa na upepo wa Park Straight na kupoa. Kisha unauomba ushike, kwenye mteremko. Mimi niliangukia pale, mwezi wa nne, asubuhi ya baridi, mzunguko wa tatu. Sikuwa na kasi kubwa. Mbele kulitoweka tu, nikavunjika mfupa wa bega. Mizunguko ya mwanzo, ukifika pale, ilaze taratibu kama unayemlaza mtoto.

Baada ya hapo unashuka hadi Mansfield, kushoto, kisha Mountain, kisha Hall Bends ndani ya miti, halafu ile kona kali ya Hairpin na Barn inayokurudisha mwanzo. Hall Bends hukaa na unyevu asubuhi hata kama kwingine kumekauka, kwa sababu jua halifiki.

Mwana_wa_Mikindani

Mzee wa Spana, shikamoo, na asante. Mafuta ya breki ni ya tangu nilipoinunua, miaka mitatu. Nayabadilisha wiki hii.

Mtanga, nimechora uwanja kwenye karatasi kwa maelezo yako, na kwa mara ya kwanza umekaa kichwani. Umeipita Mountain haraka lakini. Pale nifanyeje? Lazima niruke?

Mtanga_Lincoln

Si lazima hata kidogo. Wanaoruka ni wale wa mashindano ya Superbike ya Uingereza na wachache wa kundi la mbio. Kuna kushoto, kisha kulia inayopanda kwa ukali, na kileleni unapotea machoni. Kosa ni kufungua resi wakati pikipiki bado imelala. Inyanyue kwanza ikae wima, elekeza macho mbali juu ya kilele, panda kwa gia moja zaidi ya unayoitaka, resi laini. Tairi la mbele litakuwa jepesi kidogo. Usikate resi kwa ghafla na usifunge breki, liache lishuke lenyewe.

Mzee_wa_Spana

Marahaba kijana. Upepo wa tairi watu watakubishia mpaka kesho. Tairi zako ni za barabarani, si za mashindano, sivyo? Mimi huanza na psi 31 mbele na 30 nyuma zikiwa baridi, na ninapima tena mara tu nikitoka uwanjani, kabla ya kuvua hata glovu. Lakini kila tairi ina tabia yake, na mara nyingi kunakuwa na gari la mafundi wa tairi pale. Mwulize anayezijua zako. Na chukua kipimo chako mwenyewe, kimoja hicho hicho siku nzima.

Bahari_Kuu

Swali la kuiendesha mpaka kule na kurudi halijajibiwa. Inawezekana, nimefanya. Siwezi kukushauri. Ukiivunja lever tu huna usafiri, uko mashambani, na bima ya barabarani kwa kawaida haihusiki na kitu kilichotokea uwanjani; soma yako. Jambo jingine ni kwamba saa kumi na moja jioni utakuwa umechoka kuliko unavyodhani, na bado una kilomita 240 za magari makubwa. Kodi vani, nunua mikanda minne mizuri. Kama fedha ni ngumu, tafuta mtu wa London anayekwenda siku hiyo mchange.

NjeriWaLami

Naongeza jambo moja kwa sababu ya huyo mtoto wa miezi minane. Wakikupita, na watakupita, usigeuke kumwangalia mtu na usimpishe. Endelea na mstari wako. Anayekuja nyuma ameshapanga njia yake kwa kuamini kwamba wewe hutabadilika. Ukitaka kutoka, inua mkono mapema. Bendera nyekundu ikitokea, usifunge breki papo hapo; punguza polepole, mkono juu, rudi. Ya njano, hakuna kupita mtu. Mengine utaambiwa kwenye maelezo ya asubuhi, kaa mbele usikie.

Mwana_wa_Mikindani

MREJESHO.

Wakuu, nimerudi salama, na pikipiki haina hata mkwaruzo. Nilikodi vani na jamaa wa Croydon niliyempata kwa ushauri wa Bahari Kuu. Tulilala Louth.

Asubuhi lami ilikuwa na unyevu. Mizunguko mitatu ya kwanza tulifuatana nyuma ya mkufunzi, na nilipoingia Hall Bends nilinusa majani mabichi ndani ya kofia. Nikajua Mtanga hakutia chumvi.

Nilimwomba mkufunzi anifuate kipindi cha pili. Aliniambia kitu kimoja tu: nachagua sehemu ya kuangalia iliyo karibu mno. Kipindi cha tatu sikujali mwendo kabisa. Nilitafuta alama: mti, ukingo uliopakwa rangi, kibao cha breki. Kila mzunguko niliongeza alama moja. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa nakata Charlies nikijua kinachonisubiri upande wa pili, na sina maneno ya kueleza raha yake.

Gooseneck niliiendea kwa adabu siku nzima. Kipindi cha nne mtu aliyekuwa mbele yangu aliteleza pale pale, tukatolewa kwa bendera nyekundu. Aliinuka mwenyewe, namshukuru Mungu.

Mountain, tairi la mbele lilinyanyuka mara moja, kidogo, saa tisa alasiri. Nilipiga kelele ndani ya kofia.

Kipindi cha saba sikuingia. Mikono ilikuwa inatetemeka, na katika kipindi cha sita nilikosa gia mara mbili. Nikapakia, nikampigia mke wangu simu.

Nimelipia tena mwezi wa tisa. Mzee wa Spana, nimefungua kaliper jana, pedi za mbele zimebaki milimita tatu. Nizibadilishe sasa au zitafika?

Mzee_wa_Spana

Badilisha sasa. Na ukizitoa zitazame zote, kaliper zote mbili, kama zimeisha sawasawa. Ikiwa upande mmoja umeisha zaidi, pistoni moja inagoma, nitumie picha.