Kiongozi wa sehemu ya mbali anaweza kweli kubadilisha uchumi, au kazi yake ni kungoja barabara na pesa za serikali kuu?

Kipepeo77 (mleta mada)
Wadau habari zenu, kuna swali linanisumbua muda mrefu naomba tulijadili. Sehemu zilizo mbali na miji, visiwani, milimani, kwenye ukame, kila uchaguzi watu wanaahidiwa maendeleo halafu vijana wanazidi kuondoka, soko liko mbali, nauli inakula faida kabla mzigo haujafika. Sasa kiongozi wa chini kabisa, mkuu wa kijiji, meya wa kisiwa, mwenyekiti wa ushirika, ana nguvu gani hasa juu ya uchumi? Bajeti kubwa hana, sera hatungi yeye, barabara hajengi yeye. Naomba mifano ya kweli na mniambie huyo mtu alifanya NINI, maana kusifia matokeo kila mtu anaweza.

Mizani
Mkuu mimi nisizunguke, bila miundombinu kiongozi ni maneno tu. Shida ya sehemu ya mbali ni umbali wenyewe. Mzigo ni kidogo kwa hiyo kila kilo inasafirishwa kwa bei kubwa, lori linakuja na bidhaa linarudi tupu na nauli ya kurudi tupu mnalipa nyinyi, alafu mnunuzi akifika anajua huwezi kurudi na mazao yako nyumbani kwa hiyo bei anapanga yeye. Hapo kiongozi hata awe na hekima kiasi gani atafanya nini? Kazi yake kubwa ni kwenda kugonga milango ya wakubwa mpaka barabara, umeme na mtandao vije.

Nahodha_K
@Mizani hoja yako ya nauli ni kweli kabisa ila hapo hapo ndipo kiongozi anapofanya kazi. Angalia mji wa Ama, ni kisiwa huko visiwa vya Oki, Japani, watu kama 2,300 hivi, kufika ni kwa meli na bahari ikichafuka meli haiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji ulikuwa na madeni makubwa, vijana wameondoka, na serikali kuu inasukuma miji midogo iungane. Meya Michio Yamauchi aliingia 2002, wakakataa kuungana, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukata mshahara wake mwenyewe, ukafika mpaka nusu, ndipo watumishi nao wakakubali kukatwa wa kwao. Sio kwamba mishahara ile ndiyo iliyoujenga mji, hapana, ila baada ya pale hakuna aliyeweza kumwambia unatuumiza sisi wewe umekaa pazuri.

Sasa umbali. Ngisi na chaza wao walikuwa wazuri ila mpaka wafike bara bei imeshashuka maana sio wabichi tena. Wakanunua mfumo wa kugandisha unaoitwa CAS, unagandisha samaki bila kuharibu nyama yake, akiyeyushwa anakaribia kabisa aliyetoka majini leo. Mashine ilikuwa ghali kweli kwa mji wenye madeni na walikuwepo waliopinga. Lakini ona hesabu ilivyobadilika, wakati wa kuuza sasa anachagua mvuvi, meli ikichelewa siku mbili mzigo hauozi. Bahari haijapungua hata maili moja, ila umbali hauwaui tena kama zamani.

Na shule ya sekondari iliyokuwa inakaribia kufungwa wakaigeuza kuwa sehemu ambayo wanafunzi wa miji mingine wanakuja kusoma, kwa sababu walijua shule ikifungwa wazazi wanahama na mtoto na biashara inahama na mzazi.

MamaShamba
Naongezea wa kwangu maana huu ndio unaonigusa zaidi. Hiware Bazar, kijiji cha wilaya ya Ahmednagar (siku hizi inaitwa Ahilyanagar) jimbo la Maharashtra, India. Eneo kame, mvua kidogo, watu walikuwa wamekimbilia mijini kutafuta vibarua, ulevi na ugomvi umejaa. Mwaka 1989 wakamchagua Popatrao Pawar kuwa mkuu wa kijiji, kijana msomi.

Fedha za miradi ya serikali alizitumia ndio, ila nguvu yake kubwa ilikuwa kuwafanya watu wakubaliane KUACHA mambo. Hakuna kuchimba visima virefu vya mashine kwa ajili ya kumwagilia, hakuna kulima miwa wala ndizi kwa sababu zinakunywa maji mengi, hakuna kukata miti, mifugo haichungwi ovyo ovyo, pombe imepigwa marufuku. Na kila mtu anachangia nguvu zake kuchimba makinga maji na kupanda miti. Halafu kila mwaka wanapima mvua na maji ya visimani, wanakaa mkutano wanapanga bajeti ya maji, kwanza ya kunywa watu na mifugo, yanayobaki ndio wanaamua mwaka huu tunalima nini. Mvua ikiwa ndogo wanapunguza mazao yenye kiu, hakuna cha mkubwa wala mdogo. Maji yakarudi, nyasi zikarudi, maziwa yakaongezeka, na familia zilizohama nyingi zikarudi.

Ndugu zangu hebu fikirieni ugumu wa kumwambia mtu mwenye shamba lake na pesa yake asichimbe kisima. Waziri akiwa mji mkuu hawezi hiyo kazi, sheria ataandika lakini nani atalinda usiku? Inahitaji mtu anayekaa pale pale, anayekutana na wewe kila asubuhi, na ambaye ndugu zake mwenyewe wanabanwa na sheria hiyo hiyo. Kwa hiyo nguvu kiongozi mdogo anayo, tena kuna nguvu ambayo mkubwa hana.

Tumaini_R
Nakubaliana na mama hapo juu. Ila niwatahadharishe na kuiga, maana wakubwa wakiona kitu kimefanikiwa kijijini wanakifanya programu ya taifa halafu roho yake inapotea. Mfano Oyama, kijiji cha milimani mkoa wa Oita, Japani. 1961 wakati serikali inahimiza mpunga, wao na kiongozi wao Harumi Yahata wakasema ardhi yetu ni ya mteremko, mpunga hautatutoa, tupande plamu na chesnati (njugu za mti), kauli mbiu ikawa tupande twende Hawaii, na kweli wakaja kwenda. Wakaanza kusindika wenyewe, wakauza wenyewe.

Gavana wa mkoa huo wa Oita, Morihiko Hiramatsu, alipoingia 1979 akalitangaza wazo hilo mkoa mzima, kila kijiji bidhaa moja. Kilichonivutia kwake ni kwamba hakugawa pesa za ruzuku kijijini, alitoa utaalamu, akawatafutia soko, yeye mwenyewe akawa anasifia bidhaa za mkoa wake kila anapokwenda, na akafungua madarasa ya kulea viongozi wa jamii, watu wa kawaida wanajifunza baada ya kazi. Baadaye wazo likasambaa, Thailand 2001, Malawi 2003. Huko mara nyingi wazo lilianzia juu, na likianzia juu watu wanauliza fungu litatoka lini badala ya kuuliza sisi tuna nini. Hapo kiongozi wa kijiji anageuka kuwa karani wa fomu.

Mizani
Nimesoma zote na nashukuru. Nakubali kwamba kuchagua bidhaa inayobeba nauli yake na kusimamia makubaliano ni kazi ya kiongozi wa pale pale. Lakini na nyinyi msiniache, Ama walikuwa na bandari, umeme wa uhakika na nchi tajiri nyuma yao. Mashine ya kugandisha umeme ukikatika siku tatu ni jeneza la samaki. Kwa hiyo msije mkawapa serikali kuu kisingizio, waseme mbona wenzenu wamefanya wenyewe.

Nahodha_K
Hapo sawa kabisa mkuu, kisingizio hicho kipo na kinatumika vibaya.

Kipepeo77
Aisee asanteni sana. Swali la mwisho, hawa wote mmetaja watu wenye kipaji. Je akifa, akihama, akishindwa uchaguzi? Na mtu ambaye ndio kwanza amechaguliwa leo aanzie wapi?

Salome_wa_Visiwani
Kipepeo swali la akiondoka ndio lenyewe haswa. Angalia Eigg, kisiwa kidogo cha Uskoti, miaka na miaka kila kitu kilitegemea tabia ya bwana mwenye ardhi, akiwa mzuri mnapumua akiwa mbaya mnahama. 1997 wakazi, wakati huo kama 65 tu, wakakinunua kisiwa kupitia taasisi yao kwa michango ya watu wengi. 2008 wakawasha umeme wao wa maji, upepo na jua, na kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5 kwa wakati mmoja ili utoshe wote. Mimi ukiniuliza kiongozi wa Eigg ni nani nitasema ni ile taasisi, wajumbe wanabadilika, ardhi inabaki yao.

Aanzie wapi? Mimi ningemwambia afuatilie pesa. Sehemu nyingi za mbali pesa inaingia, za wavuvi, za mazao, za mishahara ya walimu, ila inatoka wiki hiyo hiyo kwa sababu hakuna cha kununua kilichotengenezwa pale. Kule Fogo, kisiwa cha Newfoundland, Kanada, Zita Cobb alirudi kwao baada ya kufanya kazi kwenye kampuni za teknolojia, wakaanzisha na ndugu zake taasisi ya Shorefast, ikajenga hoteli iliyofunguliwa 2013, na faida inarudi kwa jamii. Wanatoa karatasi inayoonyesha pesa ya mgeni imegawanyika vipi, mishahara kiasi gani, chakula kiasi gani, na kiasi gani kimebaki kisiwani. Na tusisahau wavuvi wa Fogo walishaunda ushirika wao mwishoni mwa miaka ya 60, wakati kulikuwa na shinikizo la kuwahamisha, kwa hiyo Cobb hakuanzia kwenye jangwa.

Hoteli sio lazima. Hiyo karatasi ndio naitaka. Kiongozi mpya achukue miezi michache apite kwa wenye maduka, wavuvi, wakulima, aulize tu unanunua nini kutoka nje na unalipa kiasi gani kwa mwezi, aandike, kisha asome kwenye mkutano mbele ya wote. Mkutano wenyewe utaona kipi kinaweza kutengenezwa pale, na yule atakayejitolea kukitengeneza apewe oda za kwanza hapo hapo kabla watu hawajatawanyika.