Baraza la siri la Kaskazini: lipo kweli, na ni la nani?

Kunguru Mweupe
Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza kurudia kitabu cha tano cha A Song of Ice and Fire, riwaya za George R. R. Martin, na jambo moja linaninyima usingizi. Onyo: kama hujasoma vyote vitano, ishia hapa. Na tamthilia ya Game of Thrones msiilete kwenye uzi huu, wasia wa Robb Stark, Mfalme wa Kaskazini aliyeuawa, waliutupa.

Karibu wote tunakubali kwamba mabwana wengi wa Kaskazini wanamchekea Roose Bolton, aliyemsaliti Robb pamoja na akina Frey na Lannister, huku wameficha visu. Ninachouliza ni kama visu hivyo vinanolewa kwenye jiwe moja. Naona njia tatu. Kwanza, baraza la Wyman Manderly pale White Harbor, linalomtaka Rickon Stark, mdogo wake Robb. Pili, baraza la wasia, yaani Maege Mormont, Galbart Glover na Howland Reed kule kwenye vinamasi, linalomtaka Jon Snow, anayehesabiwa ndugu yake Robb wa nje ya ndoa na aliyeapa kwa Walinzi wa Usiku wa Ukutani. Tatu, hakuna baraza lolote, kila mtu ana kisasi chake.

Mimi ni wa la kwanza. Manderly ndiye pekee tuliyemwona akipanga kwa macho yetu. Alimfanya Davos, mjumbe wa Stannis anayedai kiti cha ufalme, aonekane amekatwa kichwa, akatundika kichwa cha mfungwa mwingine, na mwanawe Wylis akarudishwa na akina Lannister. Kisha usiku akamfungulia Davos moyo wake: ana meli za vita zilizofichwa mtoni, ana farasi, na ana Wex, yule kijana bubu aliyejificha mtini Winterfell, ngome ya akina Stark, ikiteketea halafu akamfuata Rickon hadi akajua alikopelekwa. Mtu wa kisasi tu angeishia kwenye zile pai tatu za harusi ya Ramsay, mwana wa Bolton, tunazodhani zilijaa nyama ya akina Frey. (Nazo alizila mwenyewe kwa hamu, mbele ya akina Frey. Kila nikifika hapo nacheka peke yangu kama mwehu.)

Bint Wino
Mkuu, umepanga vizuri ila umemchagua mtu anayeonekana zaidi. Baraza la siri likionekana si la siri tena.

Rudi kitabu cha tatu, kabla ya Harusi Nyekundu alikouawa Robb. Robb anaandika hati ya mrithi, mabwana wanaweka mihuri yao. Sansa, dada yake, ameshaozwa kwa Tyrion Lannister, kwa hiyo Robb hataki Winterfell iangukie kwa akina Lannister. Anamtaja Jon, mama yake Catelyn anapinga, naye anasema yuko tayari kuwapa Walinzi wa Usiku watu mia moja ili wamwachie. Jina lililoandikwa hatulioni, lakini baada ya mabishano yote yale, nani mwingine? Maege na Galbart wanatumwa kwa Howland Reed na barua za uongo mfukoni, wakikamatwa zimpoteze adui. Tangu siku hiyo kimya. Mwandishi huyu hatumi mabwana wawili kwenye matope akawasahau.

Halafu njoo kwenye barua ya Lyanna Mormont kwa Stannis. Msichana wa miaka 10 anamjibu mfalme mwenye jeshi kwamba Bear Island haimtambui mfalme mwingine ila wa Kaskazini, na jina lake ni Stark. Mama yake ni Maege. Jumlisha mwenyewe.

Mzee wa Kurasa
Binti yangu, umejumlisha haraka. Maege hajarudi nyumbani. Mtoto aliyelelewa Bear Island hahitaji wasia ili awe na kiburi.

Mimi ni wa tatu na sioni haya. Tuwatazame mmoja mmoja. Akina Umber wamegawanyika, Hother yuko na Bolton kwa sababu Greatjon ni mfungwa wa akina Frey, Mors yuko upande wa Stannis. Wazee wa milimani wanaandamana kwenye theluji kwa ajili ya binti wa Ned Stark, baba yake Robb, nao hawajui kwamba msichana mwenyewe ni Jeyne Poole, aliyevishwa jina la Arya Stark. Barbrey Dustin anamchukia Ramsay anayemshuku kumuua Domeric, mpwa wake, na anamchukia Ned kwa sababu hakurudisha mifupa ya mumewe. Arnolf Karstark ndiyo kabisa, anamsaliti Stannis huku akijifanya rafiki, na Alys, binti wa ukoo wao, amekimbilia Ukutani kumkwepa. Hiyo ni nyumba yenye moto kila chumba. Mkiitazama kwa mbali mnadhani ni moto mmoja.

mtoro wa darasa
Barbrey anaigiza. Nani anayemchukia Ned kiasi hicho halafu anaomba apelekwe kwenye makaburi ya akina Stark?

Mzee wa Kurasa
Anayemchukia kweli, mjukuu wangu. Ila nakiri, namna alivyoziona zile panga zilizokosekana kwenye masanamu imenikaa. Mwanamke yule hutazama sana kuliko anavyosema.

Sijasahau
Nimesoma kimya kimya, ngoja niingie. Mnashindanisha Manderly na wasia kana kwamba ni pande mbili za shilingi moja. Mimi nadhani yapo yote mawili, na *hayajuani*.

Robb aliandika wasia akiamini wadogo zake Bran na Rickon wamekufa. Asiyekuwapo na lake halipo. Manderly anamtafuta Rickon kwa sababu anajua yu hai. Watu wa Reed, kama wanambeba Jon, wanambeba kwa hati iliyoandikwa gizani. Kwa hiyo Kaskazini kuna warithi wawili, kila mmoja na watu wake wanaompenda kweli, na hakuna msaliti hata mmoja kati yao. Hilo ndilo linalonitisha kuliko Bolton.

Kunguru Mweupe
Subiri. Yuko mtu anayegusa pande zote mbili: Robett Glover. Yuko chumbani na Manderly wakati Davos anapewa kazi, na Galbart ni kaka yake. Hapo hoja yako haivuji?

Sijasahau
Haivuji. Wasia ulipoandikwa Robett hakuwapo, alikuwa mateka mashariki, akabadilishwa na mateka wa Lannister, akafika White Harbor kwa bahari. Hajamwona Galbart tangu hapo. Na angekuwa anajua hati ipo, kwa nini katika mazungumzo yale yote Jon hatajwi kama mrithi?

Bint Wino
Hapo umenibana. Lakini basi kumbuka sura ya mwisho ya Jon katika kitabu cha tano inaishia akichomwa visu na ndugu zake wa Ukutani. Kiapo chao kinasema zamu haiishi hadi mauti. Akifa akarudi, yuko huru, na wale watu mia moja wa Robb hawahitajiki tena. Baraza langu linapata mfalme bila kulipa.

Kunguru Mweupe
Sawa, nusu ya kura yangu nampa Sijasahau, nusu naibakiza White Harbor. Manderly ana mpango, ana meli, ana mjumbe.

mtoro wa darasa
Mjumbe mwenyewe ametumwa kwenye kisiwa cha wala watu, mkuu.