Tupeane uzoefu: kabla hujatoa ufunguo wa nyumba, uliweka sawa nini?

MtuWaTomondo
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba ya marehemu baba hapa Tomondo, Zanzibar, iko wazi, na masika yakimalizika tunataka kuipangisha. Mabati tumeshabadilisha, rangi tumepiga. Lakini naamini hizo ndizo kazi nyepesi. Waliokwishapangisha, na wapangaji pia, tuelezeni: kipi kinatakiwa kiwe tayari kabla mtu hajashusha vyombo vyake?

BintiWete
Waalaykum salaam kaka. Umesema nyumba ya marehemu, basi anza na warithi. Kwetu Wete nyumba ya bibi aliipangisha ami yetu mmoja, akapokea kodi ya miezi sita mbele. Haukupita muda shangazi akaja kutoka Mombasa: hakuulizwa, na fungu lake analitaka. Mpangaji ana watoto wadogo, leo anagongewa mlango na huyu, kesho na yule. Hilo liliniuma kuliko ugomvi wetu wenyewe, maana yeye alishalipa.

Mambo yalitulia tulipokaa sote mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, tukaandika: nani anapokea kodi, kiasi gani kinawekwa kwa matengenezo, na kinachobaki kigaiwe kwa mafungu ya mirathi, mtoto wa kiume sehemu mbili na wa kike moja. Kila mmoja akatia saini. Kama mirathi yenu haijagaiwa, nendeni kwanza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ndiyo inayoshughulikia mirathi.

FundiFuoni
Mimi nafunga umeme. Nyumba ya milango mitatu yenye Tukuza moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, haikosi ugomvi. Mwenye friza ya barafu za kuuza na mwenye taa mbili wanachangia sawa, uniti zikiisha usiku wa manane kila mmoja anamtazama mwenziwe. Ombeni ZECO, shirika letu la umeme, mita kwa kila mlango. Ikiwa haijapatikana, fungeni mita ndogo za ndani, zisomwe mbele ya wote. Na wenye nyumba za pwani, Nungwi au Jambiani, fungueni soketi mtazame ndani. Chumvi inakula shaba huku kwa nje panang'aa.

WaShangani
Mji Mkongwe una yake. Kuta ni za mawe na chokaa. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani na plasta inabambuka, halafu mpangaji anaona kapewa nyumba mbovu. Sisi ghorofa ya juu tuliirudisha kwenye chokaa, na kabla ya kuanza tuliomba kibali Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, maana hata dirisha hulibadilishi upendavyo.

Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Disemba 2020, mama alikataa katakata kupangisha mpaka fundi apande kutazama boriti, hasa vichwa vyake vinavyoingia ukutani, ndiko maji ya mvua yanakojificha. Mbili zilikuwa zimeoza, juu ya chumba ambacho watu walitaka kuja kulala na watoto wao. Tafadhalini, wenye nyumba za ghorofa, msikitazame chumba tu, tazameni na kilicho juu yake.

MpangajiChake
Nisemee upande wetu. Mwenye nyumba nisiyemsahau ni mama mmoja wa Machomane. Aliniita siku ya zamu ya maji, akafungua mfereji nione kama yanapanda mpaka tangini. Akanionesha karo lilipo na kuniambia lilinyonywa lini. Tukazunguka na simu tukipiga picha kila ufa, tukaandikiana, kisha akanipeleka mwenyewe kwa sheha anijue. Siku ya kuhama amana yangu nilipewa palepale, hatukubishana neno.

MtuWaTomondo
Ahsanteni sana, hasa dada wa Wete. Dada yetu mkubwa yuko Dar, leo nampigia. Swali: hizo za matengenezo mnazitenga kila mwezi au mnachangishana kikiharibika kitu?

BintiWete
Kila kodi ikiingia, kaka, kabla haijagaiwa. Ikishagaiwa, kumwambia mtu mwenye watoto wake arudishe ya kununulia bati ni tabu kubwa. Yetu inakaa akaunti ya peke yake, na haitoki mpaka watie saini wawili, mmoja wao shangazi.